Siku Niliyoombea Kelele Isikatike

Vijana wa kilabu, mlipokuja nyumbani kuniomba niandike juu ya ripita ya Gwassi, mlisema mnataka "kitu kifupi cha kufundisha." Kitu kifupi sikiwezi. Nimeshika kazi ya redio tangu nikiwa na nywele kichwani, na anayetaka ufupi aulize simu yake. Nitawaeleza mtambo ule unavyofanya kazi, nitawagombeza kidogo kuhusu mipira ya blada, kisha nitafika kwenye ile alasiri binti yangu Atieno alipokuwa ndani ya boti iliyopotea ziwani, nami niko huku Asumbi, mbali na maji, sina cha kumsaidia ila maikrofoni na masikio. Niwatoe wasiwasi mapema: Atieno yuko salama, Jumapili iliyopita alikuja akammaliza jogoo wangu. Ninyi mtasoma mkijua hivyo. Mimi siku ile sikujua, na hata leo nikisimulia hutafuta kiti kwanza, ndipo nacheka.

Kuna mmoja wenu, simtaji, ambaye huniambia kila mara kwamba simu inatosha. Mwanangu, simu ni nzuri, hata mimi ninayo. Lakini simu humpigia mtu mmoja, na kwanza lazima ujue ni nani atakayekusaidia. Ziwani hujui. Unayemhitaji huenda ni mvuvi usiyemjua hata jina, yuko nyuma ya kisiwa anavuta nyavu zake. Ukisema redioni, wote waliowasha wanakusikia kwa mpigo, na aliye karibu ndiye anayekuja. Shida ya redio ya mkononi ni kwamba haifiki mbali. Kilima kikikaa katikati, mazungumzo yamekwisha. Ndiyo maana tukapandisha ripita Gwassi. Kule juu kuna mtambo unaosikiliza kwenye masafa mamoja, na papo hapo unayasema yale yale kwenye masafa mengine, kwa nguvu, kutoka mahali panapoona Mbita, Rusinga, Mfangano, Karungu hadi Muhuru. Mtu aliye chini kabisa ndani ya boti anaiambia Gwassi, na Gwassi inawaambia wote. Yashikeni hayo mawili, masafa ya kuingilia na masafa ya kutokea. Tutayahitaji huko mbele.

Tuliijenga sisi wapenzi wa redio, watu wa Homa Bay na wa Migori, kila mmoja na alichokuwa nacho. Mwita, yule muuza betri wa Suna, alitoa betri na sola, na hajaacha kutukumbusha mpaka leo. Mimi nilitoa mgongo wangu, maana nguzo ile haikupanda mlima yenyewe. Baadaye tukapata ruhusa ya kuitumia pamoja na boti za wagonjwa na watu wa fuo, kwa sharti kwamba mwenye dharura anapita mbele ya wote. Wenzetu wengine walinuna. Walisema wavuvi watajaza hewa kwa bei ya omena, na kweli walijaza. Lakini nilikuwa nimefanya kazi hii miaka mingi kiasi cha kujua jambo moja: mtambo unaotumiwa na watu wa kujifurahisha peke yao hufa kimyakimya, kwa sababu hakuna anayegundua umekufa mpaka siku akiuhitaji. Mtambo wanaoutumia wavuvi ukikohoa tu asubuhi, kabla hujanywa chai umeshapigiwa simu na ufuo mzima, tena kwa matusi. Mimi napenda matusi ya namna hiyo. Ni ukaguzi wa bure.

Na yale mambo ya ufundi mliyoyataka, haya hapa mawili, mengine mtajifunza kwa kuumia. La kwanza: ukifungua kabati la mtambo kule juu, gonga kwanza, sikiliza, ndipo ufungue. Nyuki wanapenda sana kabati lenye joto. Mimi sikugonga siku moja, nikashuka Gwassi kwa kasi ambayo umri wangu haukuiruhusu. La pili: waya wa kushusha radi ardhini usiwe wa shaba. Shaba ni nzuri kuliko chuma, vitabu vimesema kweli, lakini vitabu havikai Gwassi. Waya wetu wa kwanza wa shaba uligeuka bangili. Tukaweka bamba la chuma chakavu ambalo hata ng'ombe hawezi kufungiwa, na hadi sasa lipo.

Masikio yangu sikuzaliwa nayo hivi yalivyo. Yalichongwa na bosi wangu wa kwanza pale Homa Bay mjini, fundi Zakayo, mtu mfupi mwenye hasira ndefu, Mungu amlaze pema. Lori la miwa likiletwa na redio inayokwaruza, hakukuruhusu kushika bisibisi. Alikuketisha kwenye kiti cha dereva na kukuambia, "Sikia kwanza. Hiyo ni nini?" Ukijibu kwamba ni kelele, unatumwa kufagia karakana. Kwake kelele halikuwa jibu. Mlio unaopanda lori likikanyagwa mafuta, hiyo ni altaneta inayochaji betri. Mkwaruzo unaokatika barabarani kwenye mashimo, hicho ni kiungo cha antena kilicholegea. Sauti nzito kama ya mtu aliyeko ndani ya mtungi, huyo ameimeza maikrofoni. Nilifagia karakana ile mpaka nikaijua kila kona. Siku aliyonipa bisibisi ni siku niliyosikiliza redio moja, nikamwambia kwamba redio yenyewe ni nzima ila kuna kuku. Tukainua kiti cha dereva. Kuku alikuwepo, amefungwa miguu, anapelekwa kwa mashemeji. Zakayo hakucheka, lakini alininunulia soda.

Sasa mipira.

Ninyi wa mjini mnaijua blada kama kitu cha kufungia mizigo kwenye pikipiki: tairi la ndani limekatwa vipande virefu, linavutika, halikatiki, halina bei. Ziwani hufungia kila kitu, na manahodha wetu huitumia kufunga redio kwenye fulana ya kuokolea ili isitumbukie. Ubaya wake ni kwamba mpira ukilowa hupanda. Ukipanda, hubana batani ya kuongelea. Na batani ikibanwa, redio inatangaza kila kitu kilicho karibu nayo, na mwenye redio hana habari, maana anayebonyeza hasikii wengine. Ukimwita unajichosha bure.

Bingwa wa blada alikuwa Odoyo, nahodha wa boti ya wagonjwa ya Mfangano. Siku moja mpira wake ulipanda, na kuanzia Muhuru hadi Mbita tukamsikia akifanya mazoezi ya hotuba atakayowatolea wakwe zake watarajiwa. Alianza upya mara nyingi. Akifika mahali pa kutaja ng'ombe, sauti ilikuwa inapungua. Wazee wa Karungu walikuwa na ushauri mzuri kabisa, lakini hawakuwa na njia ya kumfikishia. Kwa ajili ya watu kama yeye niliweka saa ndani ya ripita: mtu akishika hewa mfululizo kwa dakika chache, Gwassi inanyamaza mpaka aachilie. Mke alimpata, msiwe na hofu. Lakini mimi nikikutana naye ufuoni Mbita nilikuwa natoa kisu mfukoni kabla ya salamu, naukata mpira wake palepale.

"Jaduong', sasa redio ikianguka kwa maji itaogelea?" aliniuliza siku moja, akiniita mzee kwa Kidholuo chetu. "Wewe utanipea ingine?"

"Nunua kamba."

"Kamba inateleza. Blada inashika."

Nilikuwa sijafika barabarani, naye alishafunga mwingine.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima niwakumbushe pia mbuzi, kwa sababu najua baadhi yenu mnauona mchezo ule ni wa wazee waliokosa kazi. Kila mwaka tunafunga kijiredio kidogo shingoni mwa mbuzi, tunamwachia huku kwetu kwenye vilima vya Rangwe, na watu wanamtafuta kwa redio tu. Anayempata anaondoka naye. Mwaka wa kwanza mbuzi alikula antena yake mwenyewe na mashindano yakafa. Mwaka uliofuata vijana walikuja na antena za kuchomoza huku na huku, wakafuata sauti iliyogonga mabati ya kanisa na kurudi, wakaenda wakazunguka ua wa padri mpaka wakakaribishwa chai. Aliyempata mbuzi ni Mama Akoth wa Sindo, anayeanika omena, na siku hiyo ndiyo kwanza tulimfahamu. Hakuwa na antena yoyote ya maana. Alifanya nilivyokuwa nimewaonyesha wote asubuhi: aliibana redio ya mkononi kifuani, akawa anajigeuza polepole mahali pamoja. Mwili wa mtu huzuia mawimbi. Sauti inapofifia, ujue unayemtafuta yuko nyuma ya mgongo wako. Ukimkaribia sana mpaka sauti haififii tena, ng'oa antena kabisa. Ukimsikia hata bila antena, basi angalia chini, yuko miguuni pako. Mama Akoth, mwenye umbo lake kubwa, alizuia mawimbi vizuri kuliko sisi sote. Alirudi Sindo na mbuzi, na watu waliokuwa kandokando ya barabara walicheka kwamba sasa watu wazima wanatafuta mifugo kwa redio.

Haya. Ilikuwa masika, mvua zilikuwa zimekazana siku kadhaa, na sola ya Gwassi haikuwa imeonja jua. Alasiri upepo ulivuma hata huku Asumbi ukaangusha migomba. Nilikuwa sebuleni, redio imewashwa kama kawaida, nasubiri mvua ipungue nikaone ng'ombe. Ofisi ya ufuo ya Mbita ikaita. Boti ya wagonjwa ilikuwa imetoka Mfangano kabla dhoruba haijaanza, ikimleta mama wa kujifungua ambaye uchungu ulikuwa umemshika vibaya. Ilipaswa kuwa imefika. Haikuonekana. Minara ya simu upande wa ziwa ilikuwa imezimika yote pamoja na umeme. Je, kuna mtu aliyemsikia Odoyo?

Hakuna aliyejibu. Mimi nilijua kabla hawajasema kwamba kuna muuguzi ndani, kwa sababu zahanati ya Mfangano ina muuguzi mmoja, na huyo ni Atieno wangu. Mbita wakasema wanatoa boti ya kuokoa izunguke Rusinga kwa kaskazini, wakidhani Odoyo amejificha upepo nyuma ya kisiwa. Nilitaka kujibu. Kabla sijabonyeza, hewa ikajaa kelele.

Mnaijua. Mkwaruzo, mvumo, mkwaruzo. Mtu amekalia batani. Watu wenye mitambo ya nguvu na antena za paani, kama mimi na Mwita, tungeweza kuongea juu yake, maana ripita humshika mwenye nguvu na kumwacha mnyonge. Lakini boti ya kuokoa ilikuwa na redio ndogo za mkononi. Yenyewe isingesikika hata ikipiga mayowe.

Mwita akaja juu kutoka Suna. "Mzee, zima hiyo ripita. Zima kabisa! Kuna mjinga amelala kwa batani na watu wa boti hawawezi kuongea. Wakienda moja kwa moja bila ripita angalau watasikizana wao kwa wao."

Alikuwa na haki. Katika hali ile mtu yeyote mwenye akili angezima. Namba ya kuzimia hupita kwenye masafa ya pembeni, na niliyekuwa nayo ni mimi. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kwanza. Nilikuwa na hasira na huyo mtu, sitawaficha, nilimwombea mabaya kwa Kidholuo ambacho sitakiandika hapa. Kisha, sijui ni mazoea au ni Zakayo kaburini, nikajiuliza: hiyo ni nini?

Kelele si jibu. Nikainamia spika.

Cha kwanza kilichonishtua ni kitu kilichokosekana. Waliokalia batani wote niliowahi kuwasikia walikuwa na injini ikinguruma chini yao. Huyu hakuwa na injini. Ule mkwaruzo ulikuwa na mpangilio: kitu cha bati kinakwangua mbao, kisha maji yanamwagika. Kinakwangua, yanamwagika. Mtu anachota maji kutoka ndani ya boti. Mvumo ulikuwa upepo na pumzi ya huyo mtu, pumzi ya mwanamume aliyechoka. Na mbali, nyuma ya hayo yote, sauti ya mwanamke, imetulia.

"Usisukume bado. Pumua. Pumua na mimi."

Sauti ile naijua. Tangu akiwa msichana wa shule ndiyo aliyokuwa akiwatulizia ng'ombe wetu wakizaa. Nikaiondoa mikono kwenye vitufe kwa kuogopa nitabonyeza kwa bahati mbaya. Yule mjinga aliyekalia batani alikuwa Odoyo, na ule mpira niliokuwa nikiukata miaka yote ndio uliokuwa ukiniletea mtoto wangu sebuleni.

Kisha Gwassi ikanyamaza. Ilikuwa saa yangu mwenyewe imefika, ile niliyoiweka kwa ajili ya Odoyo. Wimbi lilipoinamisha boti yao, redio yao ikapotea kidogo, ripita ikadhani wameachilia, ikafunguka tena na kuwaleta. Baada ya dakika chache ikakata tena. Nikasema hapana. Nikaingiza namba, si ya kuzima, ya kuondoa saa.

"Mzee, umefanya nini?" Mwita akauliza.

"Nimeondoa saa. Mwita, hao ni kina Odoyo. Injini yao imekufa, wanachota maji. Atieno yuko ndani."

Mwita akarudi hewani. "Hiyo betri ni yangu, naijua. Haijaona jua. Ukiacha iongee hivyo bila kupumzika, itazima yote."

"Itavumilia muda gani?"

"Si sana." Kisha akasema, "Lakini acha iongee, mzee. Acha tu."

Jambo baya kuliko yote lilikuwa hili: kila nilipobonyeza kuongea, nilimfunika. Mtambo wangu wa nguvu uliingia juu ya redio ile ndogo, na hapo simsikii, wala sijui kama nikiachilia nitamkuta. Kwa hiyo nilisema maneno machache niwezavyo. Niliwaambia wote walio kando ya ziwa wahamie masafa ya kuingilia, wamsikilize Odoyo moja kwa moja bila Gwassi. Ripita humsikia yeyote kutoka mlimani, haikuambii yuko wapi. Lakini atakayemsikia bila mlima, huyo yuko karibu naye.

Mbita wakajibu: hakuna kitu. Basi boti haiko nyuma ya Rusinga. Karungu: hakuna kitu. Nikaachilia na kusikiliza. Bati, maji. Bati, maji. Odoyo alikuwa anataja jina la Mungu kila akimwaga.

Halafu ikaja sauti ikiniita baba Atieno kwa Kidholuo, ikamfunika kabisa, kwa sababu Sindo iko chini ya Gwassi na aliye karibu na mlima huingia kwa nguvu.

"Wuon Atieno! Mimi namsikia huku bila ripita. Namsikia kama yuko kwa jikoni yangu!"

"Mama Akoth, bana redio kifuani. Jigeuze."

"Nimeshajigeuza, kwani nilikula mbuzi yenu bure? Nikipea Mfangano mgongo, anakufa. Ngoja niende mpaka kwa posho mill, nijigeuze tena."

Nilimsubiri. Mnajua kwa nini alikwenda kule kwenye mashine ya kusaga: ukiwa mahali pamoja unapata mstari tu, na boti inaweza kuwa popote juu ya mstari huo. Ukihama ukapima tena unapata mstari mwingine, na inapokutana ndipo penyewe. Alirudi hewani akihema. Upepo ulikuwa umewasukuma kusini, wako katikati ya maji mbele ya Sindo, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuwatafuta. Nikawaambia Mbita wageuze. Wao wangechukua muda kufika, na bati lile lilikuwa limeanza kupungua mwendo.

"Wavulana wa hapa wanasukuma boti," Mama Akoth akasema. "Lakini hawajui kujigeuza. Naenda nao."

"Mama Akoth, mvua hiyo."

"Nyamaza, Wuon Atieno. Usinifunikie mtoto."

Nikanyamaza. Sote tulinyamaza, wapenzi wa redio, wavuvi, ofisi ya Mbita, watu ambao kwa kawaida hawawezi kukaa kimya hata kwa dawa. Ziwa zima lilikuwa likisikiliza bati la Odoyo. Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kuondoa kelele redioni. Siku hiyo nilipiga magoti kwenye saruji ya sebule yangu nikamwomba Mungu kelele isikatike. Nilimwomba kwa ajili ya betri ya Mwita kwa jina lake.

Nikamsikia Atieno akisema, "Sasa. Sasa sukuma." Nikasikia mwanamke akilia, na bati likanyamaza, nikadhani maji yamewashinda. Kisha kikalia kitu kidogo, chembamba, chenye hasira. Sikuamini masikio yangu mpaka kilipolia tena. Odoyo akacheka kama mwendawazimu, na bati likaanza upya kwa kasi. Mtoto huyo walimwita Akoth, jina la Kidholuo la msichana aliyezaliwa mvuani, lakini ukifika Sindo utaambiwa ni kwa heshima ya mtu fulani.

Baadaye ikaja injini. Mara ya kwanza nilifikiri ni altaneta ya mtu, kisha ikakua. Juu yake nikamsikia Mama Akoth, safari hii si kwa redio yake, ni kwa mdomo wake mwenyewe, akipita kwenye mpira wa Odoyo: "Yawa, Odoyo! Odoyo! Un kanye?" Akiuliza walipo, naye anawakaribia. Sauti za wanaume, mbao zikigongana, mtu anasema shika, shika hapo.

Halafu kimya.

Si mkwaruzo, si mvumo. Kimya kabisa. Vijana, nimepanda nguzo wakati wa radi na sijawahi kuogopa hivyo. Ama betri imekufa, ama boti zimepinduka zikigongana. Nilitazama taa ya redio yangu. Sikubonyeza. Nilikuwa naogopa kwamba nikibonyeza, Gwassi haitajibu, na nitajua.

Spika ikatoa mlio mfupi. Atieno akaongea, polepole, kwa utaratibu wote kama nilivyomfundisha. "Ripita ya Gwassi, hii ni boti ya wagonjwa ya Mfangano. Tuko salama. Mama yuko sawa, mtoto yuko sawa. Odoyo ndiyo ametoa mpira kwa redio sasa hivi. Kuna mtu ananisikia?"

Nikabonyeza nimjibu. Maneno yalikuwepo, niliyapanga, lakini hayakutoka. Nilikaa hivyo nimeikamata maikrofoni kwa mikono miwili, machozi yananitiririka mpaka shingoni, nikishukuru bila sauti, sijui kwa muda gani. Kilichonizindua ni simu mezani. Huku kwetu ilikuwa bado inafanya kazi. Alikuwa Mwita.

"Mzee," akasema, "achilia hiyo batani. Mtoto anaita na wewe umemfunika."

Nikaachilia. Cha kwanza nilichosikia ni Atieno, amechoka hoi, mvua inamnyeshea, mtoto wa watu analia mikononi mwake, anauliza hewa nzima ya Homa Bay na Migori:

"Jameni, ni nani huyo amekalia batani?"

"Ni mimi," nikamjibu. "Ni baba yako."